Pete ya Uchumba na Kazi za Mikono Yetu

Uzi mmoja wa kanga ndio ulionionya, nami sikuusikiliza. Zilibaki siku chache Ramadhani iingie, na nilikuwa nyumbani Mikindani nikikunja nguo zilizokauka, nikahisi kidole changu cha pete kimenaswa na pindo la kanga; nilipouvuta mkono, uzi ulitoka mrefu, ukakatika. Nilidhani kanga imechakaa. Jioni ileile pete ilinasa kwenye shuka, na wiki iliyofuata ikanasa kwenye soksi ya mwanangu, na mara zote tatu niliilaumu nguo, kwa sababu sikuwahi kufikiri kwamba pete ya dhahabu inaweza kuwa ndiyo iliyoharibika.

Siku ya nne ya mfungo nilikuwa nakanda unga wa chapati za futari. Nilipoinua mkono ili ninawe, niliona pete imebaki na tundu mahali palipokuwa na kito cha buluu. Kito hicho ni tanzanite, na pete yenyewe ni ile aliyonivisha mume wangu siku familia yake ilipokuja na washenga kuleta posa, miaka minne kabla ya jioni hiyo. Nilikaa chini sakafuni, mikono ikiwa na unga, nikashindwa hata kumwita mtu.

Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari, na kilichoniinua pale chini ni somo ninalolifundisha kila mwaka kuhusu densiti. Tanzanite ni nzito zaidi ya mara tatu ya maji yenye ujazo uleule, kwa hiyo kama kito kilikuwa ndani ya donge, kingezama. Nilililoweka donge katika beseni, nikalipondaponda hadi maji yakawa meupe kama tui, nikayaacha yatulie, kisha nikayamimina polepole kupitia kwenye chujio. Kito kilikuwa chini ya beseni. Nilikisuuza nikakiangalia kwenye mwanga wa taa, nikaona kwamba ukingo wake mmoja umemeguka, kipande kidogo kuliko punje ya mtama, na kwamba uso wake wa juu, ambao nilikuwa nikiukumbuka ukiwaka, umefifia kama kioo cha dirisha linalotazama barabara ya vumbi.

Sonara niliyempelekea pete hiyo mjini Mtwara alinipa lenzi yake nitazame mwenyewe. Kati ya vijino vinne vilivyokuwa vikishika kito, kimoja kilikuwa kimeinuka na kupinda mithili ya ndoana, na hicho ndicho kilichokuwa kikivuta nyuzi. Viwili vingine vilikuwa vimelika hadi ncha zao zikawa nyembamba kama makali ya wembe. Aliniambia kwamba uharibifu ule haukutokea jikoni jioni ile. Ulianza tangu siku ya kwanza niliyovaa pete na kuendelea na kazi zangu kama vile kidole hakina kitu. Tangu hapo nimejifunza kila ninachoweza kuhusu jambo hili, nami ninaliandika kwa ajili ya wanawake na wanaume wa huku kwetu wanaovishwa pete na kupewa maelezo yote kuhusu bei yake, lakini wasiambiwe neno hata moja kuhusu namna ya kuishi nayo.

Nianze na jiwe. Mwaka 1812 mtaalamu wa madini Friedrich Mohs aliyapanga mawe kwa ugumu, kutoka 1 hadi 10, akizingatia lipi linaweza kulikwaruza jingine. Almasi iko kileleni kwa 10, yakuti nyekundu na yakuti samawi ziko 9, na tanzanite iko kati ya 6 na 7. Namba ya kukumbuka zaidi kuliko zote hizi ni 7, kwa kuwa ndiyo ya kwatzi, na kwatzi ndiyo sehemu kubwa ya mchanga wa pwani na pia imo katika vumbi linaloingia majumbani mwetu kila siku. Jiwe lolote lililo chini ya 7 hukwaruzwa na vumbi. Kwa miaka minne nilikuwa nikiifuta pete yangu kwa upindo wa gauni kila nilipoiona imepata vumbi, nikiamini kwamba naisafisha, ilhali nilikuwa nikiisugua kwa chembechembe zilizo ngumu kuliko kito chenyewe. Pete yenye vumbi husuuzwa kwanza kwa maji, ndipo ifutwe.

Ugumu wa kutokwaruzika si sawa na uimara wa kutovunjika, na hapa watu wengi hukosea, hasa wenye almasi. Almasi haikwaruzwi na mchanga wala na chuma, lakini ina pande ambazo ikigongwa hupasuka, na kona zake zilizochongoka humeguka ikigonga ukingo wa sinki la mawe. Tanzanite ina udhaifu wa namna hiyo pia, tena mkubwa zaidi, na juu yake inaogopa mabadiliko ya ghafla ya joto. Kito hiki kiligunduliwa mwaka 1967 huko Mererani, na vingi vinavyouzwa vilikuwa na rangi ya hudhurungi vilipotoka ardhini, vikapata ile buluu ya zambarau baada ya kupashwa moto taratibu kwa joto la mamia ya digrii. Mtu anaposikia hayo hudhani kwamba basi kito kinastahimili moto. Hakistahimili moto wa ghafla. Shoga yangu mmoja alipeleka pete yake ikalehemiwe mahali ilipokatika, na fundi akaelekeza moto kwenye dhahabu bila kukitoa kito kwanza. Pete ilirudi imeungwa vizuri, na ndani ya tanzanite kuna ufa unaokatisha kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kabla ya kumwachia fundi pete yenye tanzanite kwa kazi yoyote ya moto, mwulize kwa uwazi kama atakitoa kito, na akisita, ichukue uondoke nayo.

Kwa wale ambao hawajanunua bado, nitasema maoni yangu waziwazi. Ikiwa mikono yako ni ya kazi, na huku kwetu mikono ya nani si ya kazi, yakuti ni chaguo la busara kuliko tanzanite, na huna haja ya kuifuata mbali: ukipita Masasi ukaendelea na barabara ya magharibi unaingia Tunduru, ambako vito vya aina nyingi, yakuti samawi zikiwamo, vilivuta maelfu ya wachimbaji katika miaka ya 1990. Mimi sijuti kwa kito changu. Ninakivaa nikijua ni cha namna gani.

Kuhusu dhahabu, neno karati lina maana mbili, na kuzichanganya kumewagharimu watu. Kwa kito, karati ni uzito, na karati moja ni gramu 0.2. Kwa dhahabu, karati ni usafi: dhahabu tupu ni karati 24, na pete ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu kati ya 24, yaani asilimia 75, sehemu zilizobaki zikiwa fedha, shaba au metali nyingine. Ndiyo sababu ndani ya pete hugongwa alama 750 kwa karati 18, 585 kwa karati 14 na 375 kwa karati 9. Dhahabu tupu ni laini mno kushika kito, hivyo metali hizo huongezwa ili kuipa nguvu, lakini hizohizo ndizo mlango ambao kemikali huingilia, kwa kuwa dhahabu yenyewe haishambuliwi kirahisi na chochote tulicho nacho nyumbani, ilhali shaba, fedha na nikeli hushambuliwa.

Adui wa kwanza katika nyumba zetu ni jiki, kama tunavyoiita dawa yoyote ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Klorini hula zile metali zilizochanganywa na kuacha nyufa ndogo ambazo jicho halizioni, hasa katika dhahabu nyeupe yenye nikeli, na vijino vya pete, ambavyo tayari vimekunjwa na viko katika mkazo, ndivyo hukatika kwanza. Mtu anayelowesha mashuka kwa jiki kila Jumamosi akiwa na pete kidoleni anaidhoofisha pasipo kuona dalili yoyote, mpaka siku kijino kitakapong'oka. Wenye dhahabu nyeupe wafahamu pia kwamba weupe ule unaong'aa mara nyingi ni utando wa rodiamu, metali nyeupe, uliopakwa juu, nao hulika taratibu kwa kuvaliwa, pete ikaanza kuonyesha umanjano. Hapo haijaharibika, inahitaji kupakwa upya tu.

Adui wa pili ni wa kwetu hasa, na sijaona akitajwa na wanaouza pete. Kuanzia mwezi Juni, mikorosho inapochipua na kutoa maua, wakulima wa Newala, Tandahimba, Masasi na hata wilaya za Lindi hupuliza salfa ya unga ili kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho, na vumbi lile la manjano hutua kwenye majani, kwenye nguo, kwenye nywele na kwenye mikono. Salfa ikikutana na fedha hutengeneza tabaka jeusi, na shaba nayo huitikia kwa namna ileile. Pete ya fedha ikiingia shambani msimu wa kupuliza hutoka imekuwa nyeusi kama iliyochomwa. Dhahabu ya karati 9, ambayo zaidi ya nusu yake ni hizo metali nyingine, hupata madoa ya kahawia. Karati 18 huvumilia zaidi. Nimewaona wanawake wakihuzunika kwa kudhani wameuziwa pete bandia, kumbe ni salfa, na weusi ule hutoka kwa kitambaa cha kung'arishia metali. Ni rahisi zaidi kuiacha pete nyumbani siku ya kupuliza.

Na wakati wa kubangua, maganda ya korosho hutoa mafuta mazito yanayounguza ngozi, ndiyo maana wabanguaji hupaka majivu au mafuta mikononi kabla ya kuanza. Mafuta hayo hayaidhuru dhahabu. Lakini yakipenya chini ya pete hukaa pale yakiunguza ngozi iliyofunikwa, na yakishika kwenye kitako cha kito hukauka kama gundi nyeusi ambayo sabuni peke yake haiitoi.

Hata hivyo kemikali zote hizi, nikizipima pamoja, haziifikii nguvu ya mikono yenyewe. Bibi yangu anaishi Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji ni ya kutafuta, na kila ninapokwenda kumsalimia hubeba ndoo kama wajukuu wengine. Mpini wa ndoo ni waya mwembamba, na ndoo ya lita 20 iliyojaa ina uzito unaopita kilo 20. Uzito wote huo hukaa juu ya vidole vinne, na pete iliyo kwenye kimojawapo hubanwa kati ya waya na mfupa. Pete hupoteza uduara na kuwa kama yai, na ikishapinda hivyo vijino havikai tena sawa, vingine hukaza na vingine hulegea. Mchi wa kinu hufanya vivyo hivyo kwa kila pigo. Mbuzi ya kukunia nazi ina meno ya chuma ambayo kifundo cha kidole hupita karibu nayo mara mia katika nazi moja. Chuma cha nyuma cha bodaboda, ambacho abiria hukikamata barabara inapokuwa mbaya, huisaga pete kwa chini, upande wa kiganjani, nao ndio upande ambao wengi hatuutazami kabisa kwa sababu uzuri wote uko juu.

Kuna jambo zito zaidi ya pete. Pete iliyonasa kwenye msumari wakati mtu anaruka kutoka kwenye lori, au kwenye kamba ya chombo inayovutwa, au kwenye mashine ya kusaga, inaweza kuchuna ngozi yote ya kidole na kuukata mkondo wa damu. Wanaume wanaofanya kazi za bandarini, za gereji na za baharini wasivae pete kazini, na wake zao wasiwanunie kwa hilo.

Hapo ndipo lilipo gumu lenyewe, kwa maana kikwazo kikubwa cha kuitunza pete si kutojua, bali ni imani kwamba pete ya uchumba haivuliwi. Nilipoanza kuivua yangu kabla ya kukanda unga, mama mkwe aliniona, akanyamaza siku mbili, siku ya tatu akaniita barazani. Aliniambia, "Mwanangu, pete ikitoka kidoleni watu husema na moyo umetoka." Hakuwa na ukali, alikuwa na wasiwasi wa mzazi, na tumelelewa sote tukisikia wapendanao wakiitwa chanda na pete. Nilimjibu, "Mama, siivui kwa kuichoka, naivua kwa kuihofia," kisha nikamletea pete na lenzi ndogo ya shuleni, nikamwonyesha ukingo uliomeguka. Aliutazama kwa muda mrefu. Aliniuliza swali moja tu, na lilikuwa swali sahihi kuliko yote niliyokuwa nimejiuliza mimi: "Na ukiivua, unaiweka wapi?"

Kwa kweli sikuwa na jibu. Nilikuwa nikiiweka juu ya kipande cha sabuni, ukingoni mwa beseni, kwenye mfuko wa aproni, na mara nyingine nikiifunga kwenye pindo la kanga kama tunavyofunga hela ya sokoni. Pindo ni mahali pa hatari kwa sababu ni mahali pa kuaminika: fundo linakaza, mtu anasahau, kanga inaingia kwenye ndoo ya kufulia na pete ikiwa ndani yake, tena mara nyingine na jiki. Usiku mmoja niliamka saa nane nikiitafuta, nikaikuta kwenye fundo la kanga iliyokwisha kulowekwa. Kuivua pete pasipo kuwa na mahali pake ni kubadilisha kuchakaa polepole kwa kupotea mara moja.

Mama mkwe ndiye aliyeleta suluhisho: kibakuli kidogo cha udongo chenye kifuniko, ambacho kinakaa kabatini, mbali na sinki na juu ya kimo cha watoto, na ndani yake nimeweka kipande cha kanga laini. Pete inavuliwa hapo na kuvaliwa hapo, wala haiwekwi mahali pengine popote ndani ya nyumba. Hailazwi pamoja na vito vingine, kwa sababu almasi ya hereni inaweza kuikwaruza tanzanite hata bila mtu kuigusa, kabati linapotikiswa tu. Nikiwa safarini huivaa kwenye mkufu, ndani ya nguo. Na baharini siingii nayo kabisa: maji yakipwa tunashuka kutafuta chaza, mikono inazama kwenye mchanga na kati ya mawe, vidole vilivyolowa huteleza, na pete iliyozama kwenye tope la mikoko hakuna wa kuipata.

Usafishaji ni kazi ndogo, na nitaupitia haraka. Maji ya vuguvugu kwenye bakuli, matone machache ya sabuni ya vyombo, pete ilowe dakika 15 au 20, kisha mswaki laini wa mtoto upite taratibu chini ya kito, ambako mafuta ya kujipaka, unga na moshi wa udi hujikusanya na kuzuia mwanga usipenye. Almasi hushika mafuta kuliko mawe mengi, kiasi kwamba migodini waliwahi kuitenga na mawe mengine kwa kuipitisha juu ya meza zilizopakwa grisi. Kwa hiyo almasi iliyofifia mara nyingi haina tatizo lolote isipokuwa mafuta. Usitumie dawa ya meno, majivu wala mchanga, hata kama ndivyo masufuria yanavyong'arishwa. Siku ya kupaka hina, pete ivuliwe kabla.

Ukaguzi nao hauhitaji fundi kila mara. Mara moja kwa wiki ninaipitisha pete juu ya kitambaa chepesi cha pamba, na ikivuta uzi haivaliwi tena mpaka iende kwa sonara. Ninaitikisa karibu na sikio pia, kwa kuwa kito kilicholegea hutoa mlio mdogo wa kugonga. Kila miezi sita ninaipeleka kwake, na kabla ya kumkabidhi tunaipima pamoja na kuandika kwenye risiti uzito wake kwa gramu, alama iliyogongwa ndani, na urefu na upana wa kito kwa milimita, jambo ambalo sonara mwaminifu hulipokea bila kinyongo, kwa sababu linamlinda yeye kama linavyonilinda mimi.

Kito changu kilirudishwa mahali pake kwa vijino vipya, na ule ukingo uliomeguka ukafunikwa na kimojawapo, hivyo asiyejua hauoni. Mara ya mwisho nilipokwenda, sonara alipima unene wa pete kwa chini, kiganjani, ukawa milimita 1.6, wakati ilipotengenezwa ilikuwa 2. Amesema ikishuka chini ya 1.5 itabidi kipande kile kikatwe na kuungwa dhahabu mpya, na amekubali bila kuulizwa mara mbili kwamba kito kitatolewa kwanza. Tumepanga kuifanya kazi hiyo malipo ya korosho yatakapoingia. Wiki ijayo ninakwenda Newala kwa bibi, ndoo zinanisubiri, na pete itabaki kabatini kwenye kibakuli chake, ambacho mama mkwe ameahidi kukiangalia.